Maswali Yenu Kuhusu Costa-Gavras

Mwongozaji huyu wa filamu ni Mgiriki au Mfaransa?

Yote mawili. Alizaliwa Ugiriki mwaka 1933. Baba yake alipigana na wavamizi wa Kijerumani, na vita vilipokwisha akaandamwa kwa madai ya ukomunisti. Mwana naye akaadhibiwa: hakupata chuo kikuu nyumbani, na Marekani ikamnyima viza. Akaenda Paris, akasoma fasihi katika chuo kikuu cha Sorbonne, kisha uongozaji wa filamu.

Nianze na filamu ipi?

*Z*, ya 1969. Inatokana na kuuawa kwa mbunge Grigoris Lambrakis mjini Thessaloniki, Ugiriki, Mei 1963. Wakubwa walitaka ionekane kama ajali ya barabarani, lakini hakimu mpelelezi akafuata ushahidi mpaka kwa maofisa wa polisi. Mwongozaji mwingine angetupa hotuba. Costa-Gavras anatupa upelelezi: nani aliendesha kigari cha washambuliaji, nani alimtuma, shahidi gani ameanza kuogopa? Unafuatilia kisa, na huku unaona jinsi dola inavyoficha mauaji.

Ni kweli Oscar ya *Z* ilikwenda Algeria?

Kweli kabisa, na inasikitisha kwamba hatuizungumzii. Ugiriki ilitawaliwa na wanajeshi tangu 1967, hivyo filamu isingeweza kupigwa huko. Algeria ikashirikiana na Ufaransa kuitengeneza, na mitaa ya Algiers ikawa ndiyo Thessaloniki. Ikashindana kwa jina la Algeria, ikatwaa tuzo ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Hakuna nchi ya Afrika iliyokuwa imewahi kuipata.

Mbona anaitwa mkomunisti?

Wanaosema hivyo waitazame *L'Aveu* ya 1970. Yves Montand ni kiongozi wa Czechoslovakia anayekamatwa na chama chake mwenyewe cha kikomunisti, ananyimwa usingizi, analazimishwa kutembea usiku kucha, hadi anakariri maungamo ya uongo. Miaka miwili baadaye, katika *État de siège*, akaigeukia Marekani na mkono wake Uruguay. Namheshimu sana kwa hili: mtesaji ni mtesaji, awe wa kambi yoyote.

Na *Missing*?

Ya 1982. Jack Lemmon ni baba Mmarekani anayemtafuta mwanawe baada ya mapinduzi ya Chile ya 1973. Anafika akiuamini ubalozi wa nchi yake, anaondoka akiazimia kuwashtaki maofisa wa serikali yake. Iligawana Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, na *Yol* ya Uturuki.

Amestaafu?

Mwaka 2024, akiwa na miaka 91, alitoa *Le Dernier Souffle*, kuhusu wagonjwa walio karibu na kifo na daktari wao.