Ukitaka mtu aingie kikosini, sema kwanza nani atoke

Anayehamia Melbourne kutoka Dar, Mombasa au Bujumbura hachukui muda kugundua kwamba Alhamisi jioni ndiyo saa ya ubishi katika mji huu. Ndipo vikosi vya futiboli ya Australia vinapotangazwa. Sisi tumezoea kikosi cha Simba au Yanga kitoke kama saa moja kabla ya mechi: watu wanapiga kelele kidogo, filimbi inalia, maneno yanakwisha. Hapa timu ya Jumamosi imeshatajwa tangu Alhamisi, kwa hiyo watu wana muda wa kutosha kugombana na wanautumia wote. Ninakofanya kazi, huku magharibi mwa mji, Ijumaa ya msimu hakuna anayeuliza kama mvua itanyesha kwa sababu ya nguo zake alizoanika; anauliza kwa sababu ya kikosi.

Mimi ni wa Western Bulldogs, timu ya Footscray. Sikuichagua kwa hekima yoyote, ndiyo iliyokuwa karibu na nilipofikia. Ubishi wa Alhamisi nimeushiriki misimu mingi, na kila akija kijana mpya kutoka nyumbani huniuliza namna ya kuingia kwenye mazungumzo yale bila kuonekana mgeni kabisa. Nimeona niandike, nisirudie tena na tena.

Kwanza uujue mchezo kidogo. Kila upande una watu 18 uwanjani, na uwanja ni wa mviringo, mkubwa kuliko wowote ulioucheza shuleni. Golini pana nguzo nne: ukipiga kati ya zile mbili ndefu unapata alama 6, ukipita kati ya ndefu na fupi unapata 1. Hakuna kipa, hakuna kuotea, na kila mchezaji anaruhusiwa kuudaka mpira kwa mikono. Jambo linalowapoteza wageni wengi ni benchi. Katika mpira wetu, kuwekwa benchi ni kuambiwa kwamba leo si siku yako. Hapa watu wa benchi huingia na kutoka mchana kutwa, timu nzima ikiwa na ruhusa ya mabadiliko 75 kwa mechi tangu 2021, na anayeanzia benchi anaweza kucheza dakika nyingi kuliko anayeanzia uwanjani. Basi usije ukasikika unalalamika kwamba kipenzi chako ameandikwa benchi. Watacheka. Kuadhibiwa ni kuachwa nje kabisa ukacheze na timu ya pili kwenye ligi ya VFL.

Na ile karatasi yenyewe usiiamini sana. Makocha huandika majina kwenye nafasi ambazo hata wao hawana nia ya kuzifuata, beki kaandikwa winga, kiungo kaandikwa mbele. Kinachofaa kusomwa ni mistari miwili tu, walioingia na waliotoka. Kwa timu zinazocheza Jumapili, Alhamisi hutajwa orodha ndefu ya watu 26 halafu inapunguzwa, kwa hiyo jina la kijana wako likionekana humo usianze kupiga simu nyumbani.

Sasa ubishi wenyewe. Watu tisa kati ya kumi huanza na kuingia: fulani arudishwe, fulani apewe nafasi, huyu mtoto kafunga magoli matano VFL mnamwachia nini? Ni rahisi kusema hivyo kwa sababu hakuna gharama. Kikosi kina idadi, na kila anayeingia anamtoa mtu. Nimejizoeza, na ninakushauri ujizoeze, kutomtaja wa kuingia mpaka nimtaje wa kutoka, na kutomtaja wa kutoka mpaka niseme kazi aliyokuwa akiifanya na nani ataifanya badala yake. Ukilishika hilo, wazee wa hapa waliozaliwa na mchezo huu watakusikiliza, hata kama hujui nusu ya majina.

Tulilipata somo hilo kwa moto mwaka 2024. Caleb Daniel na Jack Macrae, wote wawili mabingwa wetu wa 2016, waliwahi kuachwa nje ya kikosi msimu ule. Ilikuwa vurugu. Ubingwa wa 2016 si kitu kidogo Footscray. Timu haikuwa imeuonja tangu 1954, na ilimaliza msimu ya saba kabla ya kupanda ngazi zote mpaka ikaipiga Sydney 89 kwa 67 fainali. Mtu aliyekuwemo siku ile ana heshima ya maisha. Kwa hiyo hoja kubwa iliyosikika ilikuwa hiyo: humwachi bingwa wa 2016 akacheze na watoto. Mimi nilimpenda Daniel kuliko wote, mtu wa sentimita 168 na kofia yake ya kinga, katikati ya majitu ya mita mbili, na bado mwaka 2020 akachaguliwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Lakini hoja ya heshima haichezi mpira. Walioitetea nafasi yake vizuri walikuwa wachache waliouliza nani atautoa mpira nyuma kwa usahihi ule wa mguu wake, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Hilo ni swali ambalo kocha analazimika kulijibu. Msimu ulipoisha Daniel akaenda North Melbourne, Macrae akaenda St Kilda, na mpaka leo wapo wanaobisha kana kwamba jambo hilo litarudishwa mezani.

Kazi nayo haiko hewani, inategemea unacheza na nani. Hapa ndipo ubishi unapokuwa mtamu. Chukua fainali ya 2023, Collingwood na Brisbane. Collingwood walimpoteza mshambuliaji wao mrefu, Dan McStay, aliyeumia goti nusu fainali. Shabiki wa kawaida angesema atafutwe mfungaji mwingine. Kocha Craig McRae akamweka mbele Billy Frampton, ambaye mwaka ule alikuwa akitumika zaidi kama beki. Kwa nini? Kwa sababu ya Harris Andrews. Huyo ni beki mrefu wa Brisbane ambaye chakula chake ni kuacha mtu wake na kwenda kudaka mipira iliyotumwa kwa wengine. Frampton hakutumwa kufunga, alitumwa kumsumbua Andrews asipate nafasi ya kuondoka. Takwimu zake za siku ile hazikuwa za kujivunia, na kama ungezisoma peke yake ungesema alikuwa mzigo. Collingwood walishinda 90 kwa 86. Tofauti ya alama nne! Bobby Hill alifunga magoli manne akapewa medali ya mchezaji bora, na ni haki yake, lakini mimi nikikaa na mashabiki wa Collingwood huwauliza kuhusu Frampton, kwa sababu jibu lao hunionyesha nani anautazama mchezo na nani anaufuata mpira tu.

Kwa hiyo kijana wa magoli matano VFL, muulize maswali. Aliyafunga dhidi ya nani, akikabwa na beki wa namna gani? Mpira ulipokuwa chini aliwabana wapinzani au alisubiri mwingine amletee? Kuna watu wanaogusa mpira mara thelathini katika timu ya pili kila wiki na hawapandi, kwa sababu wanaugusa mahali ambapo hakuna anayewagombania. Pia tazama uwanja na hali ya hewa. Marvel Stadium ina paa, likifungwa hakuna umande wala upepo, na watu warefu wanadaka wanavyotaka. Uwanja wa MCG uko wazi. Uwanja wa Geelong ni mwembamba, unabana mawinga. Mvua ikinyesha mpira unakuwa sabuni, na timu iliyojaza warefu watatu mbele inajuta kabla ya robo ya kwanza kuisha.

Majeruhi ni mlango mwingine, na hapo mapenzi hutuharibu kabisa. Fainali ya 2022 ilitupa mfano ambao ungedhani umetungwa darasani. Geelong walikuwa na Max Holmes, kijana mwenye mbio, aliyeumia msuli wa nyuma ya paja katika nusu fainali. Sydney walikuwa na Sam Reid, mkongwe, aliyeumia kinena wiki hiyohiyo. Wote wawili walitaka kucheza, nani asingetaka? Geelong wakamwacha Holmes. Sydney wakampanga Reid, na robo ya tatu akatolewa. Geelong walishinda 133 kwa 52. Sitasema Reid ndiye aliyewafungisha, kwa sababu Sydney walikuwa wameshazidiwa tangu robo ya kwanza, lakini nafasi ya mtu mzima mwenye miguu miwili ilipotea.

Ukiishia hapo utadhani kanuni ni rahisi: mgonjwa asichezeshwe. Halafu ikaja 2025. Lachie Neale wa Brisbane, wakati huo nahodha mwenza na mmoja wa viungo bora wa zama hizi, alikuwa ameumia msuli wa kigimbi cha mguu, na wengi tulishamwondoa mahesabuni. Kocha Chris Fagan akamweka kuwa mchezaji wa akiba, yule mmoja ambaye kwa kanuni za wakati huo aliingia mara moja na aliyempisha hakurudi. Neale akaingia baada ya mapumziko, na Brisbane wakawapiga Geelong 122 kwa 75. Nionavyo mimi, Fagan hakubahatisha. Aliuliza mguu ule una dakika ngapi ndani yake, akampangia dakika hizo na si zaidi. Kwa hiyo Alhamisi wakikuuliza kama mgonjwa fulani acheze, usijibu ndiyo wala hapana kabla hujajua ni msuli gani, ni lini aliumia, na timu itafanya nini akishindwa dakika ya kumi.

Jeraha moja tu halina mjadala. Aliyepata mtikisiko wa ubongo anakaa nje siku 12 kwa uchache, iwe fainali au isiwe. Ukimsikia mtu anasema angeweza kucheza, nyamaza, nenda kachukue chai.

Lipo jambo jingine ninalotaka kulisema kwa watu wetu hasa. Tuna kawaida ya kumpigania kila mchezaji mwenye asili ya Afrika aingie kikosini, na naielewa, damu ni damu. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, alipoanza kuichezea North Melbourne mwaka 2013 na kuwa wa kwanza mzaliwa wa Sudani kufika ligi hii, watu ambao hawakujua hata kanuni za mchezo walinunua tiketi. Lakini kumtetea mtu kwa sababu ni wetu kunamfanya aonekane anahitaji huruma, na humpa nafasi yule mbishi wa upande wa pili, ambaye kwake mchezaji mweusi daima ni “mwanariadha” na kamwe si mwenye akili ya mchezo. Neno hilo ukilisikia lidake hapohapo. Mwulize, akili gani inakosekana, katika mchezo upi, dakika ipi?

Mfano wangu ni Aliir Aliir. Alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi kutoka Sudani, akaletwa huku akiwa mtoto. Sydney walimtumia nyuma, wakamjaribu mbele, wakamjaribu kwenye kurukia mpira mwamuzi anapouanzisha, na kila wiki mashabiki walijadili kama anafaa. Mwishoni mwa 2020 alihamia Port Adelaide, akaachwa nyuma asome mipira na kuidaka, na mwaka 2021 akaingia kikosi bora cha ligi. Beki wa kazi ile anaishi kwa kubashiri: anaona mpira utakapoanguka kabla mpigaji hajaamua. Kwa kazi hiyo mbio na kuruka peke yake hazitoshi. Ukitaka kumpigania mtu wetu, mpiganie hivyo, kwa kusema ni nini anachokiona ambacho wenzake hawakioni.

Usimwandikie mchezaji mwenyewe. Wanasoma. Wengine wana miaka 19, na baadhi ya ujumbe wanaotumiwa baada ya mechi ni wa kutia aibu. Na kama unabishana kwa sababu umeweka pesa kwenye kampuni za kubeti, ambazo matangazo yao hapa hayakwepeki, tuambie mapema tujue tunabishana na nani.

Msimu wa 2026 umetuletea ubishi mpya. Ile nafasi ya mchezaji wa akiba imefutwa, na badala yake benchi lina watu watano wanaoingia na kutoka. Mwamuzi naye hadundishi tena mpira katikati ili kuuanzisha, anaurusha juu, na warukaji, wale warefu wanaougombania hewani, hawaruhusiwi kuvuka mstari wa katikati kwenda kusukumana kabla ya kuurukia. Wenzangu kazini wanasema mtu wa tano awe kiungo mwenye mbio, wa kuwasaidia wengine robo ya nne. Mimi nasema awe mrukaji wa pili, mrefu anayeweza pia kwenda mbele, maana kwa kanuni hii anayejua kuruka anamshinda mwenye mwili, na mmoja peke yake atachoka. Wameniuliza nani atoke. Nimewatajia beki wa tatu mrefu, na tangu hapo hatujaelewana.