Barua kwa mwanangu: gunia linalopita getini mara mia

Kibaigwa, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilijifungia chumbani, maana ya kwanza dada yako alikuwa ananicheka nilivyokodoa macho. Umeniuliza: "Mama, hii michezo ya kasino ni ya haki, au wameipanga ili tuliwe?" Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini kama ya mtu anayeungama, ukasema hesabu ya bajaji ya siku tatu, ya kumpelekea bosi, imeishia kwenye kandege, ule mchezo wa simu wa ndege inayopaa kisha ikaondoka ghafla na dau la aliyechelewa kutoa, na unaomba nikusaidie 60,000. Hela tutaizungumza baadaye. Swali lako ni zuri, na miaka yote niliyoshika chaki darasa la saba sikuwahi kumkaripia mtoto kwa swali zuri.

Unaikumbuka lumbesa? Marehemu baba yako alikuwa akirudi kutoka sokoni amenuna, hasemi na mtu. Mnunuzi ametaka gunia lishonewe kilemba juu, debe sita zimekuwa saba, na bei ni ile ile ya gunia moja. Huo ni wizi, na ndiyo maana Wakala wa Vipimo wanaukamata. Ushuru ni kitu kingine. Ushuru unajulikana, unakatiwa risiti, na anayekutoza getini wala hana haja ya kukuchezea mizani. Nyie vijana wa kijiweni mnadhani kasino inakula kwa lumbesa. Yenye leseni inakula kwa ushuru.

Chukua ruleti, lile gurudumu la kimpira. La Ulaya lina vishimo 37: namba 1 mpaka 36, pamoja na sifuri. Ukipatia namba, unalipwa mara 35 na dau lako linarudi. Sasa tuseme umeamua kutobahatisha kabisa, unaweka 1,000 kwenye kila kishimo. Umetoa 37,000. Kimpira lazima kiangukie mahali, kwa hiyo umeshinda! Wanakupa 35,000 na ile 1,000 yako. Mkononi una 36,000. Hakuna aliyegusa gurudumu, na 1,000 imeondoka. Gurudumu la Marekani wameongeza sifuri ya pili, vishimo ni 38 na malipo ni yale yale, kwa hiyo hapo zingeondoka 2,000. Hiyo sifuri ndiyo mshahara wa mlinzi, umeme na zile taa.

Hiyo 1,000 katika 37,000 ni kama asilimia 2.7, na najua utasema ni kitu gani. Hata mchezo wa simu ukiandika kwamba unarudisha asilimia 97, ni 3 tu inayobaki kwao. Hapa naomba ukae chini uchukue kalamu, maana ndipo mnapolia.

Tuseme una gunia la karanga la kilo 100, na getini wanachukua karanga zenyewe, asilimia 3. Ukipita mara moja zinabaki kilo 97, unashukuru Mungu unaendelea na safari. Lakini ukigeuza ukapita tena, na tena? Ukipita mara 23 huna hata nusu. Ukipita mara 100 hazifiki kilo 5, na risiti zote 100 ni halali. Mchezaji hapati njia iliyonyooka namna hii, leo anapanda, kesho anashuka, na ndiyo maana wewe juzi ulipata 180,000 ukaninunulia kitenge. (Nimekivaa kanisani. Ningejua kimetokea wapi ningekivaa hivyo hivyo, ni kizuri.) Ila ushindi uliobaki uliurudisha getini usiku ule ule, raundi baada ya raundi.

Kuhusu rafiki yako anayesema kandege kanaona dau kubwa kakaondoka mapema: mwambie raundi aliyoweka 20,000, yuko mwenzake ameweka 500 anaangalia ndege ile ile. Wa 500 amesahau kabla hajalala. Wa 20,000 ndiye anayesimulia kijiweni.

Na ile mbinu yako ya kuongeza dau mara mbili kila ukiliwa, niliicheka kwa uchungu. Anza na 1,000, uliwe mara kumi mfululizo: umeshatoa 1,023,000, na yote hiyo ni kufukuzia faida ya 1,000. Mara kumi unaona ni mbali? Mwaka 1913 kwenye kasino ya Monte Carlo kimpira cha ruleti kilianguka kwenye vishimo vya rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakafilisika wakiiwekea nyekundu kwa kuwa "sasa zamu yake imefika". Kimpira hakina kumbukumbu, baba.

Sisemi wizi haupo. Marekani kulikuwa na Ronald Dale Harris, mkaguzi wa serikali wa mashine za kamari kule Nevada. Ni yeye aliyekuwa akizichezea programu, mpaka aliponaswa mwaka 1995. Mkaguzi! Huku kwetu Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo, na Sheria ni ya mwaka 2003, lakini mashine ya sarafu iliyofichwa nyuma ya kilabu cha pombe, isiyo na leseni, nani anajua ndani yake kuna nini. Hiyo inaweza kukutoza ushuru na kukupiga lumbesa kwa pamoja. Hapo jibu la swali lako linageuka, nami nitasimama na rafiki yako.

Sasa hela. Sikutumii 60,000. Usinune. Nimempigia mwenye bajaji mwenyewe, nikamwamkia vizuri kama mzazi kwa mzazi, nikamwambia ukweli wote. Alinyamaza, akaguna, kisha akakubali umlipe 5,000 juu ya hesabu ya kila siku kwa siku 12. Amesema pia kwamba wewe si dereva wa kwanza. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ukachukue funguo, na umwombe radhi ukiwa umevua kofia.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba ulikaa siku tatu bila kuniambia.

Kesho nampa kondakta wa basi la asubuhi karanga, kilo 10 kamili, nimezipima mwenyewe. Ukizipokea stendi zipime tena kabla hajaondoka. Kondakta yule simwamini sana.

Mama yako