Unaposoma makala ya utafiti, usiishie kwenye asilimia

Mkuu, umeuliza kama mtu asiye mtaalamu anaweza kuisoma makala ya kisayansi akaielewa, au tuendelee kusubiri magazeti yatusimulie. Anaweza kabisa. Nimefanya kazi ya kuwafafanulia wazazi matokeo ya utafiti huku Korogwe, na maswali yao ni makali mno.

Chukua makala ya chanjo ya malaria, RTS,S, iliyotoka Desemba 2008 katika New England Journal of Medicine. Utafiti ulifanyika Korogwe, Tanzania, na Kilifi, Kenya, kwa watoto wa miezi 5 hadi 17. Kilichovuma mitaani ni "asilimia 53", na wengi wakadhani katika kila watoto 100 waliochanjwa, 53 ndio waliosalimika. Shuka kwenye matokeo yenyewe: waliopata chanjo 402, wakaugua 32. Wenzao 407, waliochomwa chanjo ya kichaa cha mbwa ili kulinganisha, wakaugua 66. Kumbe hata kundi la pili wengi hawakuugua muda ule! Ile 53 inaonyesha malaria ilivyopungua kundi moja likilinganishwa na jingine, hesabu ikiwa imeshawekwa sawa kitaalamu.

Pembeni yake pana mabano: 28 hadi 69. Hapo mtafiti anakwambia wazi kwamba kiwango halisi huenda kiko popote kati ya namba hizo. Magazeti huyaruka mabano hayo, na hilo linaniudhi sana, maana ndiyo yanayokuonyesha uiamini 53 kwa kiasi gani.

Halafu muda. Watoto walifuatiliwa kwa wastani wa miezi 8 hivi. Mama mmoja aliniuliza, "Na akifika miaka mitatu je, mwanangu?" Swali lake lilijibiwa na jaribio kubwa zaidi, lililohusisha pia Bagamoyo, matokeo yake ya mwisho yakatoka 2015: waliochanjwa katika umri ule ule na kuongezewa dozi ya nne, kinga ilikuwa asilimia 36 kwa takriban miaka minne. Makala ya kwanza haikudanganya. Iliandika muda wake, ila wasimuliaji waliuacha.

Sehemu ya mbinu inachosha, najua. Imeandikwa hivyo ili mtafiti mwingine aweze kurudia kazi ile ile na kuikagua. Usiiruke: angalia walikuwa akina nani, wangapi, walilinganishwa na nani, kwa muda gani. Ukikwama, bandika jedwali hapa tulichambue.