Gari mbili zikivaana uso kwa uso, je, kasi zao hujumlishwa?

Swali: Assalamu alaikum, mhandisi. Gari mbili za aina moja zikivaana uso kwa uso katika barabara ya Chake Chake kwenda Wete, kila moja ikienda kilomita 50 kwa saa, je, ni sawa na gari moja kugonga ukuta kwa kilomita 100? Barazani kwetu wote wanasema ni sawa.

Jibu: Wa alaikumu salamu, ndugu yangu. Si sawa. Ni kweli kwamba gari hizo zinakaribiana kwa kilomita 100 kwa saa, lakini kinachomuumiza aliyemo ndani ni badiliko la kasi ya gari yake mwenyewe, na hapa kila gari inatoka 50 na kufikia sifuri, kama ambavyo ingegonga ukuta mgumu kwa 50. Nishati ni maradufu, lakini bodi za kuipokea nazo ni mbili. Ilhali gari inayogonga ukuta kwa 100 hubeba peke yake nishati mara nne ya ile ya 50.

Hesabu hubadilika kabisa uzito unapotofautiana. Tuseme gari ndogo ya tani 1 na lori la mchanga la tani 9, kila moja ikienda 50, zimegongana na kunasana. Kwa kuwa jumla ya momenta (uzito wa kitu mara kasi yake, kwa kuzingatia upande kinakoelekea) haipotei, zote mbili zitaendelea kule lilikokuwa likielekea lori, kwa kilomita 40 kwa saa. Lori limepungukiwa na 10 tu. Gari ndogo imetoka 50 mbele ikarudishwa 40 nyuma, yaani badiliko la 90.

Jambo jingine, nami naliona kubwa zaidi, ni masafa ya kusimamia. Gari iliyokuwa na kasi ya 50, boneti yake ikijikunja sentimita 60, husimama kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, na aliyefunga mkanda hulemewa kwa takriban mara 16 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa kiti cha mbele huwa kama mzigo wa kilo 160, na hakuna mikono ya mama iwezayo kuuzuia. Wala mkanda mmoja usiwazungushie wote wawili, kwani mwili wa mama, nao ukiwa umezidi mara 16, utamkandamiza mtoto juu ya mkanda huo.