Yaya Toure na Vidic waingie kwanza, magoli 150 peke yake hayatoshi

Wakuu, mtoa mada kauliza nani kati ya wastaafu waliobaki nje anastahili kuingia Ukumbi wa Magwiji wa Ligi Kuu ya Uingereza, na wengi mmejibu kwa kuhesabu magoli, kwamba Fowler ana 163, Defoe 162, Owen 150, basi wafunguliwe mlango. Mimi napinga na ntaeleza kwa nini, maana huu ubishi nimeufanya na watu wengi sana na kila mara unaishia kwenye mastraika.

Kwanza tukumbushane utaratibu. Ukumbi ulianza 2021 kwa Shearer na Henry, mchezaji lazima awe ameshastaafu, na kinachoangaliwa ni alichofanya ndani ya EPL tu, yaani hiyo Ligi Kuu ya Uingereza. Awe na mechi 250, au kama hazifiki awe na kitu kikubwa kama kiatu cha dhahabu (tuzo ya mfungaji bora), uchezaji bora wa msimu au mataji matatu ya ligi. Kwa hiyo ile hoja ya Ballon d'Or (tuzo ya mchezaji bora wa mwaka) ya Owen 2001 na mambo ya timu ya taifa tuiweke pembeni, haihusiki hapa.

Mimi nimecheza namba sita, yaani kiungo mkabaji, miaka mingi, ligi za mtaani tu, ila ile nafasi inakufundisha kuutazama mpira tofauti. Straika utamuona hata kama ulikuwa umeinamia simu, akifunga kelele za wenzako zitakuinua. Kiungo mkabaji na beki inabidi umtafute mwenyewe kwa macho, na ukishazoea kuwatafuta ndio unaona jinsi watu wanavyopiga kura kwa kuangalia wafungaji na kusahau waliowafanya wapumue.

Sasa Yaya, kiungo wa Manchester City. Kuna watu wanamkumbuka kwa msimu mmoja wa 2013/14 aliofunga magoli 20 kwenye ligi akiwa kiungo, na kweli ule msimu sio wa kawaida, kabla yake kiungo aliyewahi kufika huko ni Lampard. Lakini mimi mechi ninayomtetea nayo ni ya Newcastle ugenini, tarehe 6 Mei 2012. City na Manchester United wako sawa kwa pointi zimebaki mechi mbili, Newcastle nao wanautaka Ulaya kwa nguvu, mpira uko 0-0 na kipindi cha pili kinayoyoma. Kocha wa City, Mancini, anamtoa Nasri anamuingiza De Jong. Niliokuwa nao walipiga kelele, unatafuta goli unaingiza mkabaji? Ila mtu aliyecheza katikati alielewa palepale, De Jong akakaa chini na Yaya akaachiwa aende mbele. Dakika ya 70 akagongeana na Aguero nje ya boksi akaukunja chini kwenye kona, dakika ya 89 akamaliza la pili. Wiki moja baadae kwenye ile mechi ya QPR ambayo kila mtu anaijua kwa goli la Aguero la dakika za majeruhi, Yaya ndiye aliyempa pasi Zabaleta wa goli la kwanza, na akatolewa kabla ya mapumziko kwa sababu alikuwa ameumia. Mchezaji mmoja anakaa namba sita, anacheza nane pale katikati, anamaliza kama namba kumi nyuma ya straika, ndani ya mechi hiyohiyo, na timu haiyumbi. Ongeza ile mbio ya Mei 2014 dhidi ya Aston Villa, anaubeba mpira kutoka kule katikati ya uwanja anapita watu mpaka ndani anafunga, mabeki wanamkimbiza wakati anaonekana kabisa kama hakimbii.

Anayesema hana mechi 250 ni kweli, ana 230, ila mataji matatu ya ligi anayo kwa hiyo mlango uko wazi kwake. Na naomba niliseme hili bila kumumunya, mpaka naandika hapa Mwafrika aliyemo mle ni Drogba peke yake. Sitaki Yaya aingie kwa sababu ni Mwafrika, nataka aingie kwa sababu hakuna kiungo wa aina yake aliyewahi kucheza ile ligi, na kuachwa kwake kunaniuma.

Vidic, beki wa Manchester United, ni rahisi zaidi. Rio Ferdinand aliingizwa 2023, sasa mwenzake aliyesimama naye pale nyuma anakosaje? Mataji matano, na mchezaji bora wa msimu mara mbili, 2008/09 na 2010/11, akiwa beki. Beki! Najua mtaniletea Torres, straika wa Liverpool, na ile 4-1 waliyotufunga United pale kwao Old Trafford Machi 2009, siku ile kweli Torres alimnyang'anya mpira akafunga na baadae Vidic akala nyekundu. Lakini msimu ni mechi 38 na ubingwa ule ulibaki United, na ni msimu huohuo kipa wa United Van der Sar alikaa dakika 1,311 za ligi bila kufungwa, kwa hiyo na yeye namuweka kwenye foleni nyuma ya Vidic tu.

Kinachonikera kwenye vigezo ni Makelele, kiungo mkabaji wa Chelsea. Mechi 144, mataji mawili, magoli mawili tu, kwa hiyo kwa vigezo hivi hata kujadiliwa hajadiliwi. Kuna kipindi nilikuwa natafuta mechi nzima za Chelsea ya 2004/05, ile iliyofungwa magoli 15 tu kwenye ligi, namuangalia yeye tu hata mpira ukiwa upande wa pili. Unachokiona ni kwamba hakabi sana kama watu wanavyodhani, anasogea hatua mbili kabla pasi haijapigwa, yule wa timu pinzani akiinua kichwa anakuta njia imeshazibwa anarudisha nyuma. Akiupata anampa Lampard pasi fupi anatulia. Lampard yumo ukumbini tangu 2021 na anastahili kabisa, ila ule uhuru wa kupanda aliupata wapi?

Kati ya viungo Fabregas wa Arsenal na Chelsea na David Silva wa City mimi namuanza Silva. Fabregas ana asisti 111 dhidi ya 93 za Silva, sawa, lakini Silva ana mataji manne na City ilicheza kwa kasi aliyoiamua yeye kwa miaka kumi. Wote waingie, ila kwa mpangilio huo.

Fowler, straika wa Liverpool, sina ugomvi naye mkubwa, ile hatitriki (magoli matatu) dhidi ya Arsenal 1994 ndani ya dakika tano ilidumu kama rekodi mpaka Mane alipoivunja 2015, na wakati wake wa juu alikuwa hatari kuliko Andy Cole aliyeingizwa 2024. Aingie baada ya hao niliowataja. Owen ndio nasita, vile viatu viwili vya dhahabu alivipata kwa kugawana na wenzake na misuli ilimharibia kasi mapema sana, kwa hiyo anayemtetea aniambie kitu kingine alichofanya kwenye hii ligi zaidi ya zile 150, nipo nasoma.