Amiba wawili sura moja, unawatofautishaje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nasomea maabara, juzi tulikuwa tunapima kinyesi nikaona kwenye darubini vile vifuko vya duara vyenye viini vinne, nikaandika Entamoeba histolytica nikijua nimepatia, mwalimu akakata akasema niandike "histolytica au dispar". Sasa kama ni wawili mbona wamefanana hivyo? Na DNA inajuaje yupi ni yupi?

JIBU: Mwanangu, mwalimu wako yuko sahihi kabisa. Hao wamefanana sura tu, tabia mbalimbali: histolytica anachimba ukuta wa utumbo, analeta kuhara damu na saa nyingine jipu kwenye ini, wakati dispar anakaa zake humo humo wala hamsumbui mtu. Mfaransa Émile Brumpt alishasema tangu 1925 kwamba hapa kuna amiba wawili, wengi hawakumkubali maana kwenye darubini hakukuwa na cha kuwaonyesha, mpaka ushahidi wa vimeng'enya na jeni ulipojaa ndo 1993 wakatenganishwa rasmi. Karibu miaka 70! Mi inaniuma nikiwaza watu waliomezeshwa dawa bure hapo katikati.

Sasa DNA. Imeandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C, na jeni inayotumika sana kupanga vimelea hawa inaitwa 18S, inahusika na kutengeneza ribosomu, yaani kiwanda cha protini cha seli, kwa hiyo wao wanayo na wewe unayo. Kuna vipande vyake havibadiliki karibu kabisa, hapo ndo PCR, ile njia ya maabara ya kuzidisha nakala za DNA, inapojishikiza ili kuinakili, halafu katikati kuna vipande vinavyobadilika haraka na hivyo ndo vinaumbua. Ukishaisoma unapanga mstari juu ya mwenzake, huu ni mfano tu nimeutunga:

GATTCA
GATCCA

Umeona ya nne? Fanya hivyo kwa herufi karibu 2,000, tofauti zikiwa chache ni ndugu wa karibu, zikiwa nyingi ni wa mbali, kompyuta inakuchorea mti wa ukoo.

Na mti huo unashangaza jamani. Blastocystis, yule wa utumboni, zamani aliitwa hamira, 1996 wakasoma jeni yake hii hii wakakuta ukoo wake ni mmoja na mwani wa kahawia wa baharini! Hilo hata ungekodoa macho kwenye lenzi mwaka mzima usingelipata.

Ila jeni moja usiiamini peke yake. Maikrosporidia, vimelea vidogo sana vya seli moja, mti wa 1987 uliwaweka chini kabisa shinani kama wazee wa seli zote zenye kiini, kumbe jeni zao zilibadilika mbio mno tofauti zikarundikana, walipokuja kulinganisha jeni nyingine ikaonekana ni jamaa wa fangasi. Kwa hiyo ukiletewa mti uliza umejengwa kwa jeni ngapi.

Darubini usiitupe, ukimkuta amiba amemeza seli nyekundu za damu hiyo ni dalili nzito ya histolytica. Ila sampuli ya kupima DNA usiiweke kwenye formalini, inaharibu DNA, weka kwenye ethanoli au igandishe mapema.