Kwa laki sita, nipeni ya mtumba inayofunguka

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: mwenye shilingi laki sita anayetaka kompyuta mpakato anunue mpya dukani au ya mtumba? Jibu langu ni ya mtumba, na ubahili haumo. Nina steshenari karibu na chuo hapa Morogoro. Bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likitoka, wanafunzi huniletea kompyuta ambazo bado zina nailoni kwenye kifuniko, niwawekee programu za kuandikia na za takwimu. Haufiki muhula wa pili wengi wao wamerudi, mashine imekuwa nzito, kufungua faili moja ni kusubiri.

Kosa si la mwanafunzi. Kwa bei hiyo, kompyuta mpya mara nyingi huwa na prosesa (ubongo wa mashine) ya daraja la chini kama Celeron N4020 yenye viini viwili, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, na hifadhi ya mafaili ya aina ya eMMC ya GB 64. Hiyo eMMC ni aina ileile ya hifadhi iliyomo kwenye simu za bei nafuu, na imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Mara nyingi RAM nayo imechomelewa. Windows na masasisho yake hula sehemu kubwa ya hizo GB 64 kabla mwenyewe hajahifadhi hata picha moja ya mahafali. Nafasi ikiisha, sasisho linagoma, na fundi hata akiwa hodari kiasi gani hana cha kuchomoa wala cha kuongeza. Mzazi ameuza mahindi yake anunue kitu kipya ili mtoto asisumbuke, kumbe amenunua kitu ambacho hakiwezi kukua. Hili linaniuma kuliko yote nitakayoyasema hapa.

Sasa chukua Lenovo ThinkPad T480 ya mwaka 2018, au wenzake wa rika moja, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi. Makampuni ya nje huzitumia miaka michache, kisha huziuza kwa mkupuo, nazo zinafika Kariakoo kwa bei tunayoimudu. Kampuni yenye wafanyakazi elfu haiwezi kukubali mashine nzima itupwe kwa sababu ya kitufe kimoja, ndiyo maana mtengenezaji alizitengeneza zifunguke. T480 ina nafasi mbili za RAM, diski yake inabadilishwa kwa bisibisi ya kawaida, na Lenovo wameweka bure mtandaoni kitabu cha ufundi kinachoonyesha hadi skrubu ilipo. Ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma. Ile ya nyuma unaichomoa na kupachika nyingine huku mashine inawaka. Anayechapa tasnifu umeme ukiwa umekatika anajua thamani ya jambo hilo.

Lakini simshauri mtu aipende kampuni. Lenovo haohao, mwaka 2019, walitoa T490 ambayo sehemu ya RAM imechomelewa, ikabaki nafasi moja tu. Nafasi mbili zilirudi kwenye T14 ya kizazi cha tano, mwaka 2024. Apple walianza kuchomelea RAM kwenye MacBook Air ya 2008, na tangu chipu ya M1 ya mwaka 2020 RAM imekaa pamoja na prosesa yenyewe. M1 ni chipu nzuri sana, inatunza chaji kuliko karibu kila kitu kilichopita mikononi mwangu. Hata hivyo aliyenunua ya GB 8 atazikwa na GB 8. Pendeni mashine, moja moja, mkishaifungua mkaona ndani.

Kuna kampuni nyingine inayoamua uhai wa kompyuta zetu bila kugusa hata skrubu. Microsoft walipotoa Windows 11 mwezi Oktoba 2021, walidai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache sana. Windows 10 ikaachwa kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tazama matokeo yake: kompyuta yenye prosesa ya Intel Core i7 ya kizazi cha 7 na RAM ya GB 16 haikubaliwi, lakini ile Celeron N4020 yenye GB 4 inakubaliwa. Wanasema ni usalama, na usalama ni jambo la kweli. Ila mashine ya kizazi cha 7 inayofanya kazi kutwa nzima kwenye steshenari yangu haijachoka. Imestaafishwa na watu ambao hawajawahi kuiona.

Anayekwenda kununua aangalie mambo haya akiwa palepale kwa muuzaji. Afungue dirisha la amri aandike powercfg /batteryreport, kisha alinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Tofauti ikiwa kubwa, bei ishuke au betri ibadilishwe. Aingie BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka, ahakikishe haina nywila. Aombe Windows iwekwe upya huku mtandao umewashwa: ikidai barua pepe ya kampuni fulani, mashine hiyo bado imefungwa na mwenyewe wa kwanza, aondoke. Kwa T480, aulize pia kama programu ya ndani ya Thunderbolt, inayoendesha tundu la USB-C, imesasishwa, kwani matoleo ya mwanzo yalikuwa yakiua tundu hilo.

Ambaye mashine yake haifiki kizazi cha 8 aweke Linux Mint badala ya Windows, na LibreOffice ya kuandikia, zote za bure; ataandika ripoti zake bila shida. Kama idara yake inadai programu ya Windows pekee, ni bora asubiri bumu lijalo aongeze kidogo. Na kama laki sita imebaki chenji, ainunulie RAM.